Mlingoti wa Dharura

Mwezi Machi 1615 John Smith aling'oa nanga Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, akielekea pwani ya Amerika ambayo mwaka uliotangulia alikuwa ameichora ramani na kuipa jina la New England. Alikuwa na merikebu mbili, moja ya tani 200 na nyingine ya tani 50. Ile kubwa haikufika mbali. Tufani iliipiga ikaivunja milingoti yote, na maji yakawa yanaingia ngamani kwa kasi hata kila zamu ya mabaharia ikawa inasukuma bomba mara 5,000 au 6,000 ndipo ipokewe. Tanga lililosalia ni moja tu, lile dogo linalofungwa kwenye mti wa omo. Kwa kipande hicho wakakimbia na upepo popote ulipowapeleka, mpaka walipopata upenyo wa kusimamisha mti mwingine badala ya ile iliyokwenda na maji. Wakaufunga, wakatweka tanga, wakarudi Plymouth wakiwa hai.

Miezi michache baadaye Smith alitoka tena kwa chombo kidogo zaidi, na safari hii akakamatwa na Wafaransa waliokuwa wakiteka meli baharini. Akiwa mateka ndani ya meli yao aliandika kitabu chake juu ya New England, kikachapwa London mwaka 1616. Mle ndani, anaposimulia ile tufani, ule mti wa badala anauita "jury mast". Haelezi maana yake, wala haombi radhi kwa kutumia neno la kibaharia. Analiandika kama mtu anayejua kwamba kila aliyewahi kukanyaga sitaha ataelewa. Hapo ndipo neno hilo linapoonekana mapema kabisa katika maandishi ya Kiingereza, na kutoka hapo ukazaliwa msemo ambao Waingereza na Wamarekani wanautumia mpaka leo, "to jury-rig": kukiunga kitu papo hapo, kwa ulichonacho mkononi, ili kikufikishe uendako.

Anayesikia "jury" fikra humpeleka mahakamani, kwa wale raia wanaoketi kuamua kesi. Hakuna uhusiano wowote. Baadhi ya wataalamu wanalitoa neno hilo katika Kifaransa cha kale, "ajurie", yaani msaada. Wengine wanaona ni kifupisho cha neno la Kiingereza la jeraha. Mabaharia hawakuhangaika na asili. Walilibandika kila penye kitu cha kushikizia: usukani wa muda ulikuwa "jury rudder", na mguu wa mti wa baharia aliyekatwa mguu ulikuwa "jury leg". Kufikia mwisho wa karne ya 18 neno likawa kitenzi kamili, na likaanza kupanda nchi kavu.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana bila hivyo msemo huu hauna uzito. Mlingoti wa manowari kubwa ya zama zile ulisimama chini kabisa kwenye mkuku, ukapenya sitaha zote na kwenda juu kwa vipande vitatu vilivyoungwa. Ukivunjika, taabu haiishii pale unapoanguka. Unaning'inia ubavuni, umeshikwa na kamba zake zote zilizopakwa lami, na kila wimbi linaubamiza kwenye mbao za chombo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni shoka: kukata kamba moja baada ya nyingine, gizani, sitaha ikiinama, mpaka mti ule uende zake kabla haujatoboa ubavu.

Hesabu inaanza baada ya hapo. Manowari zilibeba miti ya akiba, imelazwa sitahani katikati ya milingoti pamoja na mashua. Seremala anaipima na kuchagua. Nguzo mbili zinafungwa vichwani na kupanuliwa miguu kama mkasi. Juu yake yanatundikwa makapi, watu kwa makumi wanavuta kwa pamoja, na mti wa badala unainuka kidogo kidogo hadi usimame penye kisiki cha ule wa zamani. Unafungwa hapo kwa mizunguko ya kamba nene, kabari zinapigwa mpaka kamba zilie. Serahangi na watu wake wanautia kamba za kuushikilia mbele, nyuma na ubavuni. Fundi wa matanga naye anakata na kushona upya, kwa kuwa mti mfupi haubebi nguo ya mti mrefu.

Hakuna hatua hata moja hapo inayoweza kufanywa na mtu asiyejua jinsi mlingoti mzima unavyosimamishwa bandarini, kwa utulivu, kwa vifaa kamili. Ndiyo sababu naona msemo huu umedhulumiwa. Siku hizi ukisema kitu kimefanyiwa "jury-rig", msikilizaji anafikiria waya uliokunjwa kushika bomba la moshi la gari, au kazi ya mtu mvivu aliyetaka kumaliza upesi. Lakini walioanzisha neno hawakuwa wanasifu wala kutetea ubabaishaji. Walikuwa wanazungumzia ufundi uleule wa siku zote, ukifanyika mahali ambapo hakuna gati wala ghala, na ambapo kukosea kipimo ni kifo cha watu mia sita.

Mwaka 1789 manowari Guardian, chini ya nahodha kijana Edward Riou, ilikuwa ikipeleka chakula, mifugo na wafungwa katika koloni jipya la Sydney. Baada ya kupita Rasi ya Tumaini Jema wakakutana na mlima wa barafu, nao kwa kuhitaji maji ya mifugo wakatuma mashua kuokota vipande vya barafu. Jioni ya tarehe 24 Desemba, ukungu ulipotanda, waligonga. Usukani ukang'oka na chini kukapasuka. Kesho yake, siku ya Krismasi, wengi walishuka kwenye mashua. Ni mashua moja tu iliyookolewa. Riou alikataa kuondoka. Yeye na watu wapatao 60, wafungwa wakiwemo, walichukua tanga, wakalishindilia nyuzi za kamba kuukuu, wakalipitisha chini ya chombo ili maji yenyewe yalisukume na kuziba ufa. Walifunga milango ya sitaha ya chini, na mapipa matupu yaliyonaswa humo yakasaidia chombo kilichojaa maji kuelea. Walikwenda hivyo kwa takriban wiki tisa, bomba likisukumwa usiku na mchana, mpaka Februari 1790 walipoonekana tena Rasi. Riou aliwaombea msamaha wafungwa waliofanya kazi naye, nao wakasamehewa. Kwangu hiyo ni miongoni mwa safari kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa kwa chombo kilichokwisha kufa.

Lakini kisa kinachobeba historia nzito zaidi ni cha Mei 1798, katika bahari ya Mediterania.

Horatio Nelson alikuwa ndiyo kwanza arudi kazini, mwaka mmoja kasoro tangu alipokatwa mkono wa kulia baada ya shambulio la Tenerife. Alipewa manowari tatu za mizinga 74 kila moja: Vanguard aliyokuwa ndani yake mwenyewe, ikiongozwa na Kapteni Edward Berry, Orion ya James Saumarez, na Alexander ya Alexander Ball. Zilikuwepo pia meli ndogo za mbio, ambazo kwa kamanda wa zama zile ndizo zilizokuwa macho yake. Amri yake ilikuwa kuchungulia Toulon, ambako Napoleon Bonaparte alikuwa amekusanya jeshi na mamia ya vyombo bila ulimwengu kujua anaelekea wapi.

Napoleon alitweka tarehe 19 Mei. Usiku wa kuamkia tarehe 21, upepo mkali wa kaskazini-magharibi ukamkuta Nelson akiwa kusini mwa Toulon. Vanguard ilipoteza kwanza kipande cha juu cha mlingoti mkuu, kisha cha mlingoti wa nyuma, na kabla ya mapambazuko mlingoti mzima wa mbele ukaanguka. Mti wa omo nao ulipasuka. Ilipokucha, manowari iliyobeba bendera ya kamanda ilikuwa kiwiliwili kinachoyumba, haina uwezo wa kugeuka ila kwa kitambaa kidogo cha omo, hali ileile aliyoieleza John Smith miaka 183 kabla.

Alexander ikaitupia amari na kuanza kuikokota kuelekea Sardinia. Usiku uliofuata upepo ukafa, lakini mawimbi mazito hayakufa, yakawa yanazisukuma meli zote mbili kuelekea majabali ya kisiwa. Waliokuwa sitahani walisikia maji yakipasuka ufukweni. Nelson akampazia sauti Ball amwachie, akate amari aiokoe meli yake. Ball akakataa. Wawili hawa hawakuwa wakipendana. Miaka 15 nyuma walikutana Ufaransa, na Nelson alimwona Ball ni kijana wa majivuno kwa sababu tu ya mapambo aliyovaa mabegani. Upepo uliinuka kwa wakati, asubuhi wakatia nanga katika kisiwa kidogo cha San Pietro, na Nelson alipokutana na Ball alimkumbatia. Walikuwa marafiki mpaka kifo kilipowatenganisha.

Mfalme wa Sardinia alikuwa amebanwa na Wafaransa asizipokee meli za Kiingereza, kwa hiyo mkuu wa kisiwa aliwakatalia rasmi, huku akiwaachia chini kwa chini wapate mahitaji. Hapakuwa na gati, hapakuwa na karakana. Waliokuwepo ni maseremala wa meli tatu, na yule wa Alexander ndiye Nelson aliyempa sifa ya pekee. Walichukua mti wa akiba, uliokusudiwa kuwa kipande cha juu cha mlingoti mkuu, wakausimamisha uwe mlingoti wa mbele. Juu yake wakaunga mti mwembamba zaidi, ambao mahali pake pa kawaida ni kileleni kabisa. Mti wa omo uliopasuka ukafungwa vipande vya mbao pande zote, kama mganga anavyounga mfupa.

Kwa siku nne wakamaliza. Nelson aliandika kwamba lau ingekuwa Uingereza, Vanguard ingekaa miezi bandarini kabla ya kurudi baharini.

Wepesi huo ulikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeitabiri. Manahodha wa zile meli za mbio, waliotawanywa na tufani, walipopata habari kwamba Vanguard imevunjika kiasi kile, walifikiri kama ambavyo baharia yeyote mwenye akili angefikiri: meli iliyoumia hivyo lazima irudi Gibraltar kutengenezwa. Wakaenda kumngojea huko. Kumbe Nelson yuko baharini anawatafuta. Mwezi Juni alifikiwa na manowari kumi nyingine chini ya Kapteni Troubridge, nguvu ya kutosha kupigana na yeyote, lakini macho hana. Usiku wa tarehe 22 Juni msafara wake na wa Napoleon ilipishana karibu mno kusini-mashariki mwa Sicily, ukungu ukiwa katikati, bila kuonana. Nelson aliwahi kufika Alexandria akakuta bandari tupu, akaondoka. Siku mbili tatu baadaye, tarehe 1 Julai, Wafaransa wakashusha jeshi lao mahali palepale.

Aliwapata tarehe 1 Agosti, wametia nanga katika ghuba ya Abukir. Jua likikaribia kuzama alishambulia bila kungoja asubuhi, Vanguard ikiwa na mlingoti wake wa San Pietro. Kati ya manowari kubwa 13 za Wafaransa, 11 zilitekwa au kuteketea, na Orient, meli ya amiri wao Brueys, ililipuka usiku huo kwa kishindo kilichonyamazisha mizinga ya pande zote mbili. Napoleon akabaki Misri na jeshi ambalo halina meli za kulirudisha.

Hofu ya Wafaransa kuwa Misri, na kutoka hapo kuinyemelea India, ilitikisa mpaka huku kwetu. Oktoba 12 ya mwaka huohuo Waingereza walitiliana mkataba na Sultan bin Ahmad wa Maskati, ambao ni mwanzo wa uhusiano uliokuja kuamua mengi ya Zanzibar katika karne iliyofuata. Sisemi kwamba mkataba ule ulitokana na mlingoti. Ila wanaosoma historia ya pwani yetu wanafanya vyema kuiweka tufani ya Mei 1798 kwenye ramani yao.

Na ule mti wa San Pietro? Ulibeba tanga tangu mwisho wa Mei, ukapita vita, ukavunjika Septemba katika upepo wa ghafla Vanguard ikiwa njiani kwenda Naples, ukaua watu ulipoanguka. Meli iliingia Naples ikikokotwa. Mlingoti wa dharura haukuahidi kudumu. Uliahidi kufika, na ulifika mbali kuliko mtu yeyote alivyokuwa na haki ya kutarajia.

Meli za mvuke zilipoondoa matanga, msemo ulibaki bila chombo chake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Waingereza wakawa na neno jingine linalofanana kwa sauti, "jerry-built", la nyumba zilizojengwa ovyo kwa mali mbovu ili mjenzi apate faida. Katika karne ya 20 watu wakayachanganya wakasema "jerry-rigged", na heshima ya neno la baharia ikazama katika aibu ya neno la mjenzi tapeli. Wapo wanaodhani "Jerry" hapo ni lile jina la dharau walilopewa Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini "jerry-built" lilikuwa likitumika miaka mingi kabla ya vita hivyo.

Wajerumani wenyewe, katika vita hivyo, walikuja kufanya kazi ya aina hii katika ardhi yetu, kwa kutumia migongo ya watu wetu. Manowari Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha mitambo ikaisumbua, ikajificha katika delta ya Rufiji, upande wa Salale. Vipande vya mitambo na maboila vilishushwa, vikavutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa kwa njia ileile. Anayeijua nchi ile ya mikoko, tope na mito isiyo na daraja ajaribu kuona chuma cha uzito huo kikipita humo, na waliokipitisha walikuwa Waafrika.

Waingereza waliziba midomo ya mto, na Julai 1915 wakaleta Severn na Mersey, meli za maji mafupi, zikaipiga huku ndege zikielekeza mizinga. Nahodha wake, Max Looff, aliizamisha mwenyewe tarehe 11. Wajerumani wakairudia. Mizinga yake yote 10 ya milimita 105 iliibuliwa, ikavutwa tena Dar es Salaam, na mafundi wa karakana wakaitengenezea magurudumu na vitanda vya kuivutia, kwa sababu mzinga wa meli umeundwa kukaa juu ya sitaha na wala si kupanda milima. Ikapigana nchi kavu zaidi ya miaka miwili. Mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, pamoja na mzinga wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria na mwingine Jinja. Vitabu vya vita ile vinamtaja Looff na kamanda wake Lettow-Vorbeck kwa jina na cheo. Walioivuta kutoka Rufiji hadi kusini ya mbali hawakuandikwa orodha, na hilo ni deni la historia yetu ambalo bado halijalipwa.

Mzinga mmoja ulisafiri kwa reli hadi Kigoma, ukafungwa kwenye Goetzen. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaletwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuungwa upya kando ya Ziwa Tanganyika, ikaingia majini Februari 1915. Baadaye jeshi lilipouhitaji mzinga ule mahali pengine, waliuondoa wakaweka wa mti, ili adui akitazama kwa mbali asijue. Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, meli ilizamishwa, lakini mafundi walioiunga waliipaka injini yake grisi nene kwanza. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini na maboila vinafaa kwa kazi, na mwaka 1927 ikaanza safari zake za abiria na mizigo kwa jina la Liemba.